Maji ya Lorian hayapotei bure

Jina la Kulamawe halihitaji kufasiriwa kwa msemaji wa Kiswahili. Yeyote aliyepita katika mji huo mdogo wa Kaunti ya Isiolo, kando ya barabara itokayo Isiolo mjini kuelekea Garba Tula na Modogashe, hatashangaa kwamba mahali hapo pana jina la namna hiyo. Ni nchi ya jua, vumbi, migunga na mawe, ambako mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 400, nalo joto lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko yale yanyeshayo. Yamkini msomaji atauliza: mahali kama hapo pana uhusiano gani na habari za vinamasi, za ndege wa majini na za nyasi zinazosimama ndani ya maji?

Uhusiano upo, tena ni wa kufa na kupona. Kaskazini mwa Kulamawe hupita mto Ewaso Ng'iro wa Kaskazini, ambao Waborana huuita Waso kwa kifupi, na mto huo hautafuti bahari. Hushuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukapita Laikipia, ukagawa Samburu na Isiolo, ukafika Merti na Sericho, kisha ukatandaza maji yake mpakani mwa Isiolo na Wajir katika kinamasi kiitwacho Lorian. Ni katika miaka ya mafuriko makubwa tu ndipo maji hupita hapo na kufuata mkondo wa Lagh Dera kuelekea Somalia, upande wa mto Juba. Miaka mingine yote, safari huishia Lorian.

Kwa mtu aliyezoea ramani za shule, mto usiofika baharini huonekana kama kazi isiyokamilika. Wageni wa kwanza waliofika huko kutoka mbali walikuwa na fikira hiyo hiyo. Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, walifanya safari ya taabu kubwa kati ya mwaka 1892 na 1893 wakilitafuta ziwa la Lorian, ambalo habari zake zilikuwa zimewafikia pwani. Walitarajia ziwa kubwa. Walichokikuta ni kinamasi. Chanler alivunjika moyo, na maporomoko ya mto huo yaliyopo sehemu ya Shaba yakabaki na jina lake hadi leo. Wenyeji, kwa upande wao, hawakuwa na sababu ya kuvunjika moyo. Walijua kwamba ziwa lingewapa maji, na kinamasi kinawapa maji pamoja na malisho.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo tunalotaka kulizungumza. Kinamasi cha nchi kavu hakifanyi kazi kama ziwa, wala hakifai kupimwa kwa vipimo vya ziwa. Kazi yake hutegemea kupanda na kushuka kwa maji. Mvua zinaponyesha mlimani, mto huvimba, hubeba udongo mwekundu na mbolea ya majani, kisha hupasua kingo zake na kufunika nyanda. Jina lenyewe la Ewaso Ng'iro, katika lugha ya Kimaa, lina maana ya mto wa rangi ya kahawia, yaani wenye maji ya matope. Maji yanapotulia, tope hutua na kuirutubisha ardhi. Yanapopungua, nyasi huchipua juu ya udongo uliolowa, wakati ule ule ambapo malisho ya nchi ya juu yamekwisha kukauka. Kwa hiyo Lorian huwa kijani wakati kwingine kote kumekuwa majivu. Zawadi ya kinamasi iko katika kuchelewa kwake.

Kazi ya pili haionekani kwa macho. Chini ya nchi hiyo, kuanzia pande za Merti, kupitia Habaswein na Dadaab hadi ndani ya Somalia, kuna tabaka la ardhi lenye maji ambalo wataalamu hulitaja kwa jina la Merti. Katikati ya tabaka hilo maji ni matamu, na pembezoni huwa ya chumvi. Sehemu ya maji hayo hutokana na mto na mafuriko yake, yanayozama polepole mchangani. Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 na ambazo mwaka 2011 zilikuwa na watu zaidi ya 400,000, zimeishi kwa kuvuta maji ya tabaka hilo. Vivyo hivyo miji na vijiji vingi vya wafugaji. Serikali ilipotaka kuyapeleka maji ya Habaswein hadi mji wa Wajir, wakazi wa Habaswein walilalamika kwa sauti kubwa, wakihofia kwamba kuvuta kwa wingi kutayaleta maji ya chumvi visimani mwao. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Kisima ni mdomo tu. Tumbo liko mbali, na anayelilisha ni mto.

Kazi ya tatu ni ya wanyama. Kando ya Waso, chini ya mikoma na migunga mirefu, huishi mamba na viboko, na kila siku za kiangazi hushuka tembo, twiga wa kaskazini mwenye madoa ya kukatika kama nyavu, choroa, na pundamilia wa Grevy mwenye milia myembamba, ambaye duniani kote wamesalia elfu chache tu, wengi wao wakiwa katika nchi hii ya kaskazini mwa Kenya. Hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba, ambazo huiletea kaunti mapato ya watalii, zimesimama juu ya mto huo huo. Hakuna hoteli itakayomvutia mgeni aje atazame mchanga.

Lakini tukiishia kwa wanyama tutakuwa tumelisema jambo nusu. Kuna desturi ya siku nyingi ya kuandika habari za nyika kana kwamba hazina wenyewe. Waso una wenyewe. Waborana wa Isiolo wana utaratibu wa kutunza malisho uitwao dedha. Kila dedha ni eneo lenye maji, malisho na watu wake, na wazee wake, jarsa dedha, ndio wenye kuamua ni lini mifugo ihame na ielekee wapi. Wakati wa mvua, makundi hutakiwa yaondoke mtoni yaende mbali, kwenye madimbwi ya mvua, ili nyasi za kando ya maji zipumzike. Wakati wa kiangazi hurejea karibu na mto na visima. Sehemu nyingine huachwa kabisa, zisiguswe ila ukame unapokaza. Kwenye kisima kuna aba herega, mwenye kupanga zamu za kunywesha, na mgeni atokaye mbali hana budi kuomba kabla ya kuingia. Anayevunja amri hutozwa faini ya mifugo.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Dedha ni akiba ya nyasi, kama vile ghala ni akiba ya nafaka. Mfugaji wa nchi ya mawe huweza kuishi huko kwa sababu anajua kwamba mwaka ukiwa mbaya kuna pa kukimbilia, na mwisho wa pa kukimbilia ni nyanda za mto na kinamasi. Ukiliondoa kimbilio hilo, hujamwondolea mfugaji kipande kimoja cha ardhi. Umeyafanya makazi yake yote kuwa mahali pasipokalika. Kwa maana hiyo, mtu wa Kulamawe huweza kuathirika kwa Lorian kukauka hata kama hajawahi kukiona kinamasi chenyewe. Ng'ombe walioikosa Lorian watarudi juu, nao watakula nyasi ambazo wake walizitegemea.

Utaratibu huo haukudhoofika kwa bahati mbaya tu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha Waborana wengi kutoka pande za Wajir ikawaweka katika nchi ya Waso, kisha ikachora mistari ya makabila ambayo mvua haikuijua. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, tangu 1963 hadi 1967, ambapo raia wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa, wakazuiwa kufuata malisho, na mifugo yao ikaangamia kwa njaa, maradhi na risasi. Waborana hukiita kipindi kile Gaf Daba, yaani wakati wa kusimama. Jina hilo linasema mengi: kwa mfugaji, kusimama ni kufilisika. Katika miaka ya 1970 wengi wa waliofilisika waliingizwa katika miradi ya umwagiliaji kando ya mto, kama ile ya Merti na Malka Daka, ambayo haikuwarudishia walichopoteza. Palipochimbwa visima vya mitambo bila kuwauliza wazee wa dedha, watu na mifugo walikaa mwaka mzima mahali palipokuwa pa msimu mmoja.

Hayo yametokea chini ya mto. Sasa tupandishe macho juu, kwani mto hupokea jina kutoka chini lakini hupokea maji kutoka juu.

Tangu miaka ya 1960, mashamba makubwa ya Laikipia na miteremko ya Mlima Kenya yamekuwa yakikatwakatwa kuwa mashamba madogo ya walowezi waliotoka kwenye wilaya zenye msongamano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaongezeka mashamba ya maua na mboga za kusafirishwa ng'ambo, hasa pande za Timau na Nanyuki. Kila shamba lina mfereji au pampu, na pampu nyingi zimetiwa mtoni bila kibali, au zimechukua kupita kibali. Matokeo yamepimwa. Pale Archer's Post, ambapo kimo cha mto kimekuwa kikiandikwa kwa miongo mingi, mtiririko wa wastani wa mwezi wa Februari, ambao ni mwezi wa kiu, ulikuwa kiasi cha mita za ujazo 9 kwa sekunde katika miaka ya 1960. Katika miaka ya 1990 ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha mita 1 tu. Mvua haikupungua kwa kiwango hicho. Watu ndio walioongezeka, na pampu pamoja nao.

Nacho kinamasi kikasinyaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lorian ilikadiriwa kufikia kilomita za mraba zipatazo 150. Kufikia mwaka 1990 makadirio yalikuwa chini ya kilomita za mraba 10. Hata tukikubali kwamba kinamasi hupanuka na kunywea kwa tabia yake, na kwamba waliokipima zamani na waliokipima baadaye hawakutumia kipimo kimoja, tofauti hiyo ni kubwa mno kusingiziwa msimu mmoja mbaya.

Sisemi kwamba mkulima wa juu ni mwizi. Mwenye ekari mbili za viazi kule Timau ana watoto wanaohitaji karo kama walivyo wa mchungaji wa Sericho, na mashamba ya maua yameajiri maelfu ya vijana, wakiwemo watoto wa wafugaji wenyewe. Kosa halimo katika kutumia maji. Limo katika kuyatumia kana kwamba mto unaishia kwenye uzio wa shamba. Sheria nayo haikunyamaza. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilimtaka mwenye kumwagilia mashamba awe na bwawa lake la kuhifadhi maji ya kutosha siku 90, ili achote wakati wa mafuriko na auache mto wakati wa kiangazi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua kitu kiitwacho akiba, yaani kiasi cha maji ambacho ni lazima kibaki mtoni kwa mahitaji ya kimsingi ya watu na kwa uhai wa viumbe wa majini, kabla ya mwenye kibali yeyote kuhesabiwa fungu lake. Hiyo ni dedha kwa lugha ya mawakili. Kinachokosekana ni mtu wa kuizuia pampu ya Januari.

Hata hivyo shauri la kuhifadhi mafuriko, jema kama lilivyo, lina mtego wake. Mkulima mmoja akihifadhi maji ya gharika, hakuna atakayeona tofauti. Elfu wakifanya hivyo, na juu yao pakajengwa bwawa moja kubwa, gharika yenyewe itakoma. Bwawa kama hilo limependekezwa katika korongo la Crocodile Jaws, mpakani mwa Laikipia, Isiolo na Samburu, ili lihudumie mji wa Isiolo na mji wa kitalii uliobuniwa chini ya mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa mwaka 2012. Wafugaji wa bonde hilo wameupinga mradi huo, na tangu mwaka 2013 baadhi yao wamekuwa wakitembea na misafara ya ngamia kando ya mto ili sauti yao isikike.

Wanaolitetea bwawa husema kwamba maji ya gharika hupotea bure jangwani. Kauli hiyo huvutia, hasa kwa mtu aliye mjini ambaye mfereji wake umekauka. Lakini hebu tuichunguze. Maji hayo hupotea kwa nani? Yakifika Merti, yanalowesha nyanda. Yakifika Lorian, yanaotesha nyasi. Yakizama, yanaingia visimani. Ni maji yaliyokwisha kufanya kazi tatu, na kila kazi ina watu wanaoila. Bwawa katika nchi ambayo jua lake huweza kukausha zaidi ya milimita 2,000 za maji kwa mwaka nalo hupoteza, tena hupoteza juu kwa juu, bila kuotesha hata jani moja. Mji wa Isiolo unahitaji maji, na hilo halina ubishi. Lakini mwenye kupima faida ya bwawa hana budi kuweka upande wa pili wa mizani hasara ya Lorian, nayo aghalabu huandikwa sifuri.

Yaliyotokea katika miaka ya karibuni yatufundishe. Mwaka 2009 mto ulikauka katika hifadhi ya Samburu, tembo wakachimba mchanga kwa miguu na mikonga kutafuta maji. Miezi michache baadaye, Machi 2010, gharika ya ghafla ilizoa kambi na hoteli katika hifadhi hiyo hiyo. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, mifugo ikafa kwa mamilioni katika kaskazini ya nchi na pembe yote ya Afrika, na pundamilia wa Grevy wakaanguka pamoja nayo. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Niño zikakata barabara. Tabia ya nchi inavyozidi kubadilika, kiangazi na gharika vitazidi kukaribiana. Sasa, ni chombo gani kinachoweza kupokea gharika kikaitunza mpaka kiangazi, bila saruji wala mkopo wa ng'ambo? Ni kinamasi.

Kuna nchi zilizoghafilika kabla yetu. Kusini mwa jimbo la Florida, nchini Marekani, kuna nyanda za chepechepe ziitwazo Everglades, ambazo maji yake hutiririka polepole juu ya nyasi kutoka ziwa Okeechobee hadi baharini. Huko pia watu walisema maji yanapotea bure. Wakachimba mifereji, wakajenga kingo, wakakausha takriban nusu ya eneo lote kwa ajili ya miwa na miji. Kati ya 1962 na 1971 mto Kissimmee, wenye mizingo mingi, ulinyooshwa ukawa mfereji. Kisha ndege wakapungua, maji yakachafuka, na bahari ikaanza kusukuma chumvi yake kuelekea visima vya miji. Mwaka 2000 bunge la nchi hiyo lilipitisha mpango wa kuzirudishia nyanda hizo maji yake, uliokadiriwa wakati ule kugharimu dola bilioni 7.8, na gharama imeendelea kupanda. Mto ulionyooshwa ukaanza kurudishiwa mizingo yake mwaka 1999, kazi ikaisha 2021. Wamarekani wana uwezo wa kubomoa walichokijenga na kuanza upya. Je, Isiolo na Wajir zitapata wapi mabilioni hayo?

Mfano mmoja wa Everglades unagusa Kulamawe moja kwa moja. Mwaka 1928 ilifunguliwa barabara ya Tamiami, iliyopita juu ya tuta katikati ya nyanda. Ilisifiwa kwa kuunganisha pwani mbili. Tuta hilo likawa ukuta uliozuia maji kwa zaidi ya miaka 80, mpaka mwaka 2013 lilipofunguliwa daraja la urefu wa maili moja ili maji yapite chini yake. Nasi katika miaka hii tunaijenga barabara kuu ya Isiolo hadi Mandera, kupitia Kulamawe, Modogashe na Wajir. Ni barabara iliyongojewa tangu uhuru, na anayeipinga hajapata kumsafirisha mgonjwa kwa lori kwenye vumbi. Lakini njia hiyo hukata mikondo mingi mikavu ambayo wenyeji huiita laga. Laga iliyokaa miaka mitatu bila tone humdanganya mhandisi wa mbali. Kwa hiyo, kalvati moja ndogo inayowekwa palipohitajiwa daraja huweza kuyageuza maji yaende kusikostahili, yakakausha malisho ya upande mmoja na kuchimba makorongo upande wa pili. Mzee wa dedha anajua laga ipi hufoka na ipi hulala. Kumwuliza hakugharimu hata shilingi.

Basi nini kifanyike? Jambo la kwanza ni kukihesabu kinamasi. Kenya ilijiunga mwaka 1990 na mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971. Chini ya mkataba huo tumeorodhesha maeneo sita: maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita, pamoja na delta ya mto Tana. Yote ni ya kusini na magharibi, na ya pwani. Kaskazini, iliyo zaidi ya nusu ya nchi, haina hata moja. Kuiorodhesha Lorian hakutaleta maji peke yake, lakini kutamlazimisha kila mwenye kubuni mradi huko juu aeleze kinamasi kitapata nini.

Jambo la pili ni kuifanya ile akiba ya sheria iwe na tarakimu na mlinzi. Itangazwe wazi, ili mchungaji wa Merti aweze kuisoma: katika Februari, pale Archer's Post, maji yasishuke chini ya kiasi fulani, na yakishuka, pampu fulani na fulani zifungwe, kuanzia iliyo kubwa. Vyama vya watumiaji maji vipo, lakini kila kimoja hukaa kwenye kijito chake. Vinafaa vikutane kutoka chemchemi hadi Lorian, na anayeishi mwisho wa mto apewe kiti cha mbele, maana yeye ndiye wa kwanza kuumia. Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Ewaso Ng'iro Kaskazini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1989 na yenye makao yake Isiolo, ingefaa iitishe baraza hilo kila mwaka kabla ya kiangazi, badala ya kungoja ugomvi uzuke.

La tatu ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliahidi kuwapa wananchi hati ya ardhi yao ya pamoja. Bila hati, nyanda za mto zitaonekana kuwa mali isiyo na mwenyewe, na mali ya namna hiyo huwa na wenyewe wengi ghafla inapotangazwa barabara au mji wa kitalii. Hati hizo zitolewe, na ziandikwe kwa namna itakayoheshimu dedha. Mipaka ya malisho isiwe uzio, kwa kuwa mwaka wa njaa mgeni wa leo ndiye mwenyeji wa kesho. Wazee nao wakubali kwamba dedha ya karne hii haitasimama ikiwa vijana na wanawake, wanaochota maji hayo kila siku, hawasikilizwi barazani.

La nne ni kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Mti wa mathenge, ulioletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, umekwisha kuziteka nyanda za Baringo kiasi kwamba wakazi wake walikwenda mahakamani wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Mti huo hupenda pale pale nyasi za kinamasi zipendapo, penye udongo uliolowa. Kuung'oa ungali mchanga ni kazi ya panga na siku moja. Ukishafunga nyanda, ni kazi ya kizazi.

Haya yote hayatakuwa rahisi, kwa sababu mto huu hupita mikononi mwa kaunti nyingi, na kila gavana huchaguliwa na wanaokunywa kwake, si na wanaokunywa chini yake. Hiyo ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa kaunti pekee. Serikali kuu ndiyo yenye kutoa vibali vya maji, na ndiyo iliyoweka sahihi kwenye mkataba. Bunge linayo haki ya kuiuliza kila mwaka ni maji kiasi gani yaliyofika Lorian, kama inavyoulizwa ni fedha ngapi zilizofika wilayani.

Wakazi wa Kulamawe wamezoea kuishi na mawe, wala hawajapata kuomba wageuziwe nchi yao kuwa bustani. Wanachodai ni kwamba mto upite, ufike unakofika, na mwaka mbaya ukija wawe na pa kwenda. Wenye maji ya juu wakumbuke kwamba mchungaji asiye na pa kwenda chini hupanda juu na ng'ombe wake, kama walivyoona wakulima na wenye mashamba makubwa ya Laikipia katika ukame wa mwaka 2017, na gharama ya siku hiyo ni kubwa kuliko ya pampu iliyozimwa mwezi mmoja.